Shokapu ya mbele inavuja na kugonga: nibadilishe oili na bushi mwenyewe nyumbani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, Mtama, mkoani Lindi:

"Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya cc 150, niliinunua ikiwa imeshatumika, sasa ni mwaka wa pili. Shokapu ya mbele ya kushoto inavuja, mguu wote umejaa vumbi lililoganda kwa oili, na nikiingia kwenye shimo inagonga 'ko!' kama mtu amepiga nyundo. Fundi wa hapa kijijini anasema shokapu zote mbili zimekufa, ninunue mpya. Mwenzangu wa kazini anasema nibadilishe oili, sili na bushi, basi, kazi ya nusu siku. Likizo imekaribia na spana ninazo. Naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Na oili niweke gani, kiasi gani?"

Mwalimu, salama kabisa. Kufanya mwenyewe unaweza, na ukitulia utaifanya vizuri kuliko kijana anayekimbizana na pikipiki sita kwa siku. Ila usitoe hela mfukoni kabla hujajibu maswali mawili: kinachogonga ni nini hasa, na bomba la shokapu limeliwa na kutu au bado zima? Kuvuja ni ugonjwa mmoja na kugonga ni mwingine, wakati mwingine vinakuja pamoja, wakati mwingine havijuani. Nimepokea hapa Chikongola, Mtwara mjini, pikipiki iliyobadilishwa kila kitu cha shokapu, mwenyewe amepanda, na ile "ko!" iko palepale. Muda wote iliyokuwa inagonga ni koni ya shingo, yaani beringi ambazo usukani unazungukia.

Kwa hiyo anzia hapo. Inyanyue pikipiki mbele hadi tairi lielee, weka gogo au kreti ya soda chini ya injini, na nyuma weka kitu kizito isije ikakuangukia. Kaa chini mbele ya tairi, shika miguu yote miwili ya shokapu karibu na ekseli, uvute kuja kwako, usukume, uvute tena. Mwite mtoto yeyote aweke kidole pale tii ya chini (tii ni kile kibano kinachoshika mabomba ya shokapu, kimoja juu na kimoja chini) inapokutana na shingo ya fremu. Akikwambia kunacheza, ugonjwa ni koni na golori zake, na shokapu huna haja ya kuifungua kwa sababu ya mlio. Kisha ahamishie kidole pale bomba linalong'aa linapozama kwenye mguu wa aluminiamu. Kukicheza hapo, ndiyo shokapu yenyewe. Ukiwa umekaa hapohapo jaribu pia bolti za madigadi na za breki, maana bolti moja iliyolegea hutoa mlio wa kutisha kuliko ukubwa wake.

Mlio wenyewe nao unasema kitu. Ukigonga pale tairi linapopiga ukingo wa shimo, shokapu imefika mwisho wa chini: oili imepungua au springi imechoka. Ukigonga unapovuka tuta na tairi linaning'inia, shokapu inarudi juu bila kitu cha kuizuia, na hapo mara nyingi ndani hakuna oili kabisa. Kwa maelezo yako, mguu mmoja umelowa hadi vumbi limeganda, mimi ninabashiri mguu wa kushoto ni mkavu na unachosikia ni chuma kinakutana na chuma. Lakini fanya jaribio la kidole hata hivyo. Ni dakika tano.

Sasa bomba, na hapa ndipo penye uamuzi wa hela. Lifute kwa kitambaa chenye petroli, lote, hadi ling'ae, kisha pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini, pande zote. Kucha ikikwama, kuna kishimo cha kutu au mkwaruzo wa jiwe. Huku pwani, pikipiki iliyolala nje Shangani au Mikindani mwaka mzima bila kufutwa kromu yake huota vipele kama ngozi ya mtoto mwenye joto. Kipele kimoja chenye ncha kinakata mdomo wa sili, ile raba inayozuia oili isitoke, kila shokapu inapopanda na kushuka. Weka sili mpya juu ya bomba la hivyo, na baada ya wiki mbili unavuja tena na kumlaumu muuza spea. Za bara, za Newala na Tandahimba, ugonjwa wake ni mwingine: vumbi jekundu laini kama unga linajipanga kwenye mdomo wa sili, likichanganyika na oili linakuwa msasa.

Si kila kipele ni hukumu ya kifo. Funga uzi kwenye bomba, usogeze hadi uguse raba ya vumbi, kisha panda pikipiki na ukaipitishe kwenye barabara yako ya kila siku. Ukirudi utakuta uzi umesukumwa juu. Kati ya raba na uzi ndiyo sehemu ambayo sili inatembea. Kipele kilicho juu ya hapo, au kile kilichofichwa ndani ya tii, hakikuhusu. Kilicho ndani ya sehemu hiyo, kikiwa kimoja au viwili vidogo, mimi hukisugua kwa msasa namba 1000 chenye maji, nikajaza tone la supaglu, ikikauka nasawazisha kwa msasa namba 2000 hadi ukucha upite bila kuhisi. Inashika miezi, wakati mwingine mwaka. Vikiwa vingi, au kromu imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu, fundi wako amesema kweli na hajakuibia: nunua mabomba, au shokapu kamili kama bei haipishani sana. Uliza bei zote mbili kwanza.

Turudi kwenye hizo bushi ambazo mwenzako amekwambia, zile pete nyembamba ambazo bomba huteleza nazo ndani ya mguu. Pikipiki nyingi ndogo za biashara tunazopanda huku, za cc 100 hadi 150, shokapu zake hazina bushi za kubadilisha. Bomba la chuma linateleza moja kwa moja ndani ya mguu wa aluminiamu, na oili ndiyo inayowatenganisha. Ukienda dukani ukaomba bushi za shokapu za mbele utauziwa kitu, maana mwenye duka hapendi kusema hapana, lakini utarudi nyumbani usione pa kukiweka. Bushi za kweli utazikuta zaidi kwenye pikipiki kubwa na zile za porini, na ziko mbili kwa kila mguu: moja imevishwa mwisho wa chini wa bomba, nyingine imegongewa kwenye mdomo wa mguu, chini ya sili.

Jinsi ya kujua yako ni ya aina gani bila kitabu cha pikipiki: ukishafungua bolti ya chini na kutoa springi, vuta bomba. Likichomoka lenyewe kwa mkono, sili ikabaki mdomoni mwa mguu, huna bushi. Likikataa, likagota kila unapolivuta, unazo. Hapo unatoa kwanza klipu ya sili, kisha unalivuta kwa mapigo mafupi ya haraka, kama unayepiga pampu ya baiskeli kinyumenyume, na bushi ya juu, washa yake na sili vitatoka pamoja na bomba.

Bushi ikitoka iangalie uso wake. Mpya ina rangi ya kijivu iliyopoa, ni tabaka jembamba la tefloni. Imechoka pale ile kijivu imefutika na rangi ya shaba imejitokeza sehemu kubwa ya uso. Shaba ikionekana kidogo tu upande mmoja, bado inaenda. Ya chini ina mkato. Ipanue kwa bisibisi bapa kiasi cha kuteleza tu, ukiipanua sana haitarudi umbo. Wakati wa kurudisha, mpangilio ni bushi, washa, sili, klipu, na bushi ya juu inagongwa hadi ikae kabla sili haijafuata.

Na kama huna bushi, lakini bomba linacheza mdomoni mwa mguu hata ukiwa umejaza oili? Aluminiamu imelika, tundu limekuwa na umbo la yai. Kuna mafundi wa mashine ya kuchonga watakuambia wanaweza kupanua tundu na kukutia bushi ya shaba. Wanaweza. Mimi ningefanya hivyo kwa pikipiki ya zamani isiyo na spea tena. Kwa cc 150 ya kila siku, nunua mguu.

Sasa kazi yenyewe. Nunua kabla ya kufungua: sili mbili na raba za vumbi mbili, washa za shaba mbili za bolti ya chini, na oili. Badilisha miguu yote miwili hata kama wa kulia hauvuji. Ukiwa na oili mpya kushoto na uji wa miaka kulia, usukani utakuwa unavutana. Sili ina namba tatu zimeandikwa usoni, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Kama huna uhakika na ya dukani, subiri uitoe ya zamani uende nayo, ila panga usafiri mwingine siku hiyo.

Kuhusu oili nitakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapotokea. Oili ya shokapu kwa pikipiki za aina yako kwa kawaida ni 10W (namba ya uzito wa oili, iko kwenye kopo), kitabu kikisema 15W fuata kitabu. Ukikosa kopo lililoandikwa oili ya shokapu, tumia ATF, ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki za magari; uzito wake unakaribiana sana na 10W, na Honda wenyewe miaka ya 1970 waliiandika kwenye vitabu vya baadhi ya pikipiki zao. Oili ya haidroliki namba 32 nayo ni jirani yake. Usiloweza kufanya ni kumimina 20W-50 ya injini kwa sababu ipo stoo. Usidanganywe na namba: 20W-50 ikiwa baridi ni nzito kama mara nne au tano ya oili ya shokapu. Niliwahi kuiweka nikiwa bado najifunza, mteja akaenda nayo Newala, akarudi siku ya pili ananiuliza kama nimemfungia mabomba ya maji. Shokapu inapanda polepole, haiwahi kushuka kabla ya shimo linalofuata, mikono inauma, sili zinapasuka. Na oili ya breki isiguse humu hata tone, inakula raba.

Kabla hujafungua tairi, legeza vitu viwili ukiwa bado umesimama nayo chini. Kwanza bolti ya tii ya juu inayobana bomba, kisha kizibo cha juu cha bomba, mzunguko nusu tu, usikitoe. Ukianza na kizibo kabla ya kulegeza bolti ya tii, nyuzi za kizibo zinabanwa na bomba na utaziharibu. Pili, legeza bolti ya chini kabisa ya mguu, ile iliyojificha karibu na ekseli, inayotaka spana ya L, namba 6 au 8. Kwa baadhi ya pikipiki ekseli inaiziba na itabidi tairi litoke kwanza. Ilegeze sasa springi ikiwa imekaza, ndipo pistoni ya ndani haizunguki nayo.

Halafu inyanyue, toa tairi, waya wa spidomita, breki na madigadi. Kama una diski, breki yake usiiache ining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa kamba kwenye usukani, na weka kipande cha mbao katikati ya pedi ili mtoto akibonyeza hendeli pistoni zisitoke. Kabla ya kushusha mguu wa shokapu, pima kwa rula bomba limechomoza kiasi gani juu ya tii, uandike. Kisha legeza tii ya chini, zungusha mguu huku unavuta. Toa mguu mmoja tu. Ule mwingine uache ulipo, ndio utakaokuonyesha kila kitu kilikaaje.

Sasa kizibo cha juu. Chini yake kuna springi imebanwa, na inasubiri. Mimi nilikifungua mara moja nikiwa nimeinamia, kikanipiga kidevuni nikaona nyota saa sita mchana. Weka uso pembeni, kifunike kwa kitambaa kinene, sukuma chini kwa kiganja huku unazungusha, nyuzi za mwisho zikiisha kiachie taratibu. Angalia springi imekaa vipi, ncha yenye mizunguko ya karibu karibu iko juu au chini, ichore kwenye karatasi. Wewe mwalimu, hilo halikushindi.

Mimina oili kwenye chupa ya maji inayoonyesha, uinyanyue kwenye mwanga. Nina vijana niliowafundisha wanaoona huu ni uchawi, lakini oili inasema yote. Ikiwa ya kijivu inayometa kama rangi ya fedha, ni aluminiamu ya mguu wako inasagika. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pikipiki zilizovushwa kwenye mafuriko ya mvua za masika huja hivyo, na ndani unakuta springi imeshaanza kutu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama samaki aliyesahauliwa, ni uzee tu. Kwa mguu wako wa kushoto huenda ukapata vijiko viwili, basi.

Toa bolti ya chini. Ikizunguka bila kutoka, pistoni ya ndani inazunguka nayo, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakaupeleka mguu gereji ukiwa kwenye rambo. Chonga ncha ya mpini wa fagio iwe kama penseli butu, uingize ndani ya bomba hadi uguse kichwa cha pistoni, ugonge kidogo ukwame. Mtu mmoja akandamize mpini usizunguke, mwingine afungue bolti. Inatoka. Bolti ikitoka na pistoni ikichomoka, kutakuwa na kikombe kidogo cha aluminiamu kwenye ncha yake ya chini, mara nyingi hubaki ndani ya mguu. Geuza mguu ukigonge kwenye kiganja kidondoke. Kikipotea, shokapu itagonga chini milele.

Sili ya zamani: ng'oa raba ya vumbi, toa klipu ya waya kwa bisibisi nyembamba, kisha chokoa sili kwa bisibisi bapa ukiwa umeweka kipande cha mbao au mpira kwenye ukingo wa mguu. Usiegemeze chuma kwenye aluminiamu. Ikikataa, mwagia mguu maji ya moto kutoka kwenye birika. Aluminiamu inatanuka, sili inalegea. Bomba nalo, likiwa nje, lilaze kwenye kioo cha dirisha kilichonyooka juu ya meza na ulizungushe. Ukiona mwanga unapita katikati na kuziba, limepinda, na pikipiki hiyo imewahi kugonga kitu kabla haijawa yako.

Osha kila kitu kwa petroli, nje, mbali na jiko na sigara. Mafuta ya taa yanasafisha lakini yanaacha utando, kwa hiyo yakitumika malizia kwa petroli. Kausha kwa kipande cha kanga kuukuu. Pamba na sufi zinaacha nyuzi, na uzi mmoja kwenye mdomo wa sili ni njia ya oili kutokea. Mtwara kuna upepo huu wa mchana unaobeba mchanga hadi kwenye sahani. Kazi hii fanya asubuhi, au ndani. Ukitaka kuuliza kitu kimoja kinachotofautisha kazi inayodumu na isiyodumu, nitakwambia ni meza safi.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, lakini mambo matatu yana ujanja wake. La kwanza, bolti ya chini inapewa washa mpya ya shaba. Ukikosa, choma ya zamani kwenye moto hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, inakuwa laini tena na inaziba. Kaza vizuri lakini kwa mkono wa mtu mzima asiye na hasira. Bolti hiyo inashika pistoni nyembamba na nyuzi zake zinakatika. La pili, sili. Upande wenye springi ndogo ya duara unatazama chini, kwenye oili; upande wenye namba unatazama juu, kwako. Ukingo wa juu wa bomba ni mkali kama wembe, ufunike kwa kipande cha nailoni kilichopakwa oili kabla hujapitisha sili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nailoni ya kufungia mkate bado ipo. Tia grisi kidogo kati ya midomo ya sili.

Kuigonga iingie, kata kipande cha bomba la plastiki la maji la milimita 40, kama sentimita 30 hivi, ukisawazishe ncha kwa msasa. Kwa mabomba ya shokapu ya karibu milimita 30 kinapita juu yake na kukaa sawasawa kwenye sili. Juu ya sili mpya weka ile ya zamani uliyoikata upande mmoja, ndiyo ipokee mapigo. Gonga kwa kuzunguka, mapigo mafupi. Mlio ukibadilika kutoka butu kuwa mkavu, imefika. Itoe ile ya zamani kwa ule mkato, tazama mfereji wa klipu: lazima uonekane wote, duara zima. Ukionekana robo tatu, sili imekaa upande, endelea. Klipu ikikaa utasikia "tik".

La tatu ndilo ulilouliza, kiasi. Pikipiki nyingi za aina yako hubeba kati ya mililita 130 na 200 kwa kila mguu, na namba ya yako imo kwenye kitabu chake. Kupima, chupa ya kunyonyeshea mtoto ina mistari ya mililita na haina mfano wake. Lakini mililita peke yake hazinitoshi, kwa sababu mguu uliofunguliwa wote ni mkavu na unataka zaidi ya uliomwagwa tu. Kinachoamua ni usawa wa oili ndani. Springi ikiwa nje, mguu umesimama wima, bomba limeshushwa hadi mwisho, mimina, pandisha na kushusha bomba mara kumi na tano hivi hadi usisikie tena mlio wa mapovu, uache upumzike dakika kumi. Kisha pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili.

Namba ya kitabu ikiwepo, ifuate. Isipokuwepo, mguu wako wa kulia ambao haukuvuja ndio kitabu: kabla hujaumwaga, toa springi yake, ushushe, upime, uandike. Ila wewe si mwenye nao wa kwanza, na aliyekutangulia huenda alikosea. Mimi bila kitabu siachi nafasi ya hewa iliyo chini ya milimita 120. Hewa hiyo ni springi ya pili. Ukiijaza oili, shokapu inashuka kidogo, haina pa kwenda, na kinachotii kwanza ni sili yako mpya.

Kupata usawa kamili, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 50 na kipande cha mpira wa dripu. Weka alama kwenye mpira kwa urefu unaoutaka, mimina oili zaidi kidogo ya kiasi, shikilia alama kwenye ukingo wa bomba, vuta. Ikianza kuvuta hewa, umefika, hadi milimita moja. Miguu yote miwili ifanane. Ikikosea kidogo lakini kwa usawa, pikipiki itakusamehe kuliko ikipatia mguu mmoja.

Rudisha springi, kizibo ukianze kwa vidole, huku umesukuma chini, hadi uhisi nyuzi zimeshikana ndipo uchukue spana. Pandisha mabomba kwenye tii hadi kile kipimo cha rula ulichoandika, kaza tii ya chini, kaza kizibo, mwisho tii ya juu. Weka tairi, ekseli iingie bila kugongwa. Ikigoma, mguu mmoja umezunguka. Kabla hujakaza bolti inayobana ekseli kwenye mguu, ishushe pikipiki, shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini kwa nguvu mara tano sita. Miguu inajipanga yenyewe. Sasa kaza. Ukikaza kabla, shokapu zinakuwa zimevutana na utadhani oili ni nzito.

Kama una diski, bonyeza hendeli hadi iwe ngumu kabla hujatoka getini. Usisahau hilo, Mwalimu, pedi zimerudi nyuma na mbonyezo wa kwanza hauna breki. Zunguka polepole mtaani, kisha ufute mabomba yakauke kabisa na ufunge uzi wako tena. Kesho yake utakuta duara jembamba la oili pale sili ilipoishia. Hiyo ni grisi na oili ya kufungia, ifute. Likirudi siku ya tatu, sili imekatwa au imekaa vibaya. Na uzi ukiwa umesukumwa hadi unagusa tii ya chini kwenye barabara ya kawaida, springi zimechoka, hapo oili haitakusaidia.

Ile oili chafu usiimwage karibu na kisima. Nguzo za uzio wa mbuzi ukizipaka, mchwa wanazisusa kwa muda. Oili mpya huku kwetu ibadilishe mara moja kwa mwaka, Mei mvua zikishakatika, ili msimu wa korosho ukuanze ukiwa na shokapu yenye kitu ndani.